Ualimu, udaktari au biolojia tupu: hesabu tuliyopiga Kigoma kabla ya kujaza fomu

Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka mwezi Julai, binti wa kaka yangu alifika kwangu Mwanga saa kumi na mbili asubuhi, bado nafagia uwanja. "Shikamoo shangazi," akasema, akanipa simu nisome mwenyewe. Biolojia B, Kemia C, Fizikia D. Amesoma PCB Tabora Girls, miaka miwili ya kupanda na kushuka treni.

"Baba anasema udaktari. Mwalimu wetu anasema ualimu. Mimi nataka wanyama."

Nilimkalisha jikoni, nikachukua daftari la matumizi na kalamu. Mimi ni mwalimu wa Biolojia, na mkopo wa chuo nimeulipa mpaka shilingi ya mwisho. Nilipokuwa na umri wake hakuna aliyenikalisha hivyo. Nilichagua zuolojia kwa sababu niliipenda, nikahitimu mwaka 2011, na ajira ya kudumu nikaipata mwaka 2015. Miaka hiyo minne katikati ndiyo iliyonisukuma kuandika haya.

Nitalinganisha njia zote tatu kwa pesa, na ya nne ambayo wazazi wengi wa huku huisahau. Mishahara na ada nilizotumia nimezizungusha ili hesabu ifuatike. Wewe chukua ada ya chuo chako na ngazi ya mshahara ya mwaka huu, uzipachike mahali pake.

Deni

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilianza kazi mwaka 2005. Inakopesha ada, fedha ya chakula na malazi ambayo wanafunzi wanaiita bumu, vitabu, na mafunzo ya vitendo. Bumu tuliweka 10,000 kwa siku. Ukichukua siku 240 za masomo unapata 2,400,000 kwa mwaka. Ongeza vitabu 200,000, na ada ya chuo cha serikali tuseme 1,400,000. Jumla ni milioni nne kwa mwaka. Digrii ya miaka mitatu, iwe ya ualimu wa sayansi au ya biolojia tupu, ni milioni 12.

Udaktari ni miaka mitano. Ada yake iko juu kidogo, tuseme 1,900,000. Kwa bumu lilelile na vitabu vilevile ni milioni nne na nusu kwa mwaka, na ukimaliza unadaiwa milioni 22 na nusu.

Hapo ndipo kaka yangu alipokwama. Yeye ni mvuvi wa dagaa Kibirizi, fedha yake huja giza likiingia na hukatika mbalamwezi ikitoka. Milioni 22 kwake ni mitumbwi, injini na nyavu, na bado chenji inabaki. Akaniuliza kwenye simu, "Dada, huyo mtoto atakuja kulipa hilo deni lini?"

Jibu lake lilinishangaza hata mimi nilipoliandika. Kwa aliyeajiriwa, makato ya mkopo ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, awe mwalimu au daktari. Mwalimu wa 800,000 anakatwa 120,000 kwa mwezi. Gawanya milioni 12 kwa 120,000, ni miezi 100. Daktari huanza na karibu mara mbili ya mshahara wa mwalimu, tuseme 1,500,000. Asilimia 15 yake ni 225,000. Gawanya milioni 22 na nusu kwa 225,000. Miezi 100. Weka asilimia 1 ya gharama za uendeshaji, kila mmoja anaongezewa mwezi mmoja tu. Miaka minane na miezi mitano kwa wote wawili, na mshahara ukipanda muda unapungua.

Kwa hiyo usimkataze mtoto udaktari kwa sababu ya ukubwa wa deni peke yake. Makato yanafuata mshahara.

Zamani hali ilikuwa nyingine, na wazazi wengi wanaoogopa mkopo wanaogopa mambo ya wakati huo. Sisi tulikatwa asilimia 8 kwanza, kisha sheria ikabadilika na kuanzia mwaka 2017 ikawa 15. Nakumbuka mwezi ule nilivyoirudia salari slipu mara tatu nikidhani mhasibu amekosea. Juu ya hapo kulikuwa na asilimia 6 kila mwaka ya kulinda thamani ya fedha. Yaani mhitimu aliyekaa nyumbani bila kazi, deni lake lilikuwa linanenepa. Nilipoanza kukatwa nilidaiwa zaidi ya nilichokopa. Asilimia hiyo 6 ilifutwa mwaka 2021. Anayekopa leo harudishiwi mzigo huo, na hilo limebadilisha ulinganisho wote.

Salari slipu ya mwalimu, mstari kwa mstari

Binti alidhani mshahara wa 800,000 maana yake ni 800,000. Nikamwonyesha yangu, kisha tukaandika ya kwake ya kufikirika:

Mshahara wa msingi: 800,000
Mfuko wa hifadhi ya jamii, asilimia 5: 40,000
Kodi ya mapato: 68,000
Bima ya afya, asilimia 3: 24,000
Chama cha walimu, asilimia 2: 16,000
Bodi ya Mikopo, asilimia 15: 120,000
Kinachobaki mkononi: 532,000

Alikaa kimya akiitazama ile 120,000. Ndiyo kubwa kuliko makato yote, inaipita hata kodi. Na hapo bado hajakopa benki, na walimu wengi wapya hukopa benki kabla ya mwaka kwisha, ya kiwanja au ya kumsomesha mdogo wao. Sheria inataka angalau theluthi moja ya mshahara wa msingi ibaki. Kwa mtu mwenye deni la bodi, theluthi hiyo iko karibu sana.

Sasa sikiliza hesabu ninayotaka ubaki nayo. Mhitimu anapewa miezi 24 baada ya kumaliza chuo kabla ya kutakiwa kuanza kulipa. Akikaa miezi hiyo yote bila ajira, amekosa 532,000 mara 24. Ni 12,768,000. Fedha aliyoikosa kwa kusubiri miaka miwili imelipita deni lake lote la miaka mitatu.

Ndiyo maana nilipolinganisha njia hizi niliuliza kila moja swali moja: kutoka siku ya mtihani wa mwisho hadi mshahara wa kwanza, ni miezi mingapi?

Udaktari

Baada ya miaka mitano kuna mwaka mmoja wa utarajali hospitalini, ambao una posho. Kwa hiyo mshahara kamili hauji kabla ya mwaka wa saba. Tukimwekea mwaka mmoja wa kusubiri ajira, ndani ya miaka kumi baada ya kidato cha sita amelipwa mishahara ya miaka mitatu tu.

Mkononi anabaki na kama 900,000 kwa mwezi baada ya hifadhi ya jamii, kodi, bima na mkopo. Miezi 36 ni milioni 32 na kitu. Mwalimu aliyesoma miaka mitatu, akasubiri miwili, kisha akalipwa miaka mitano ya 532,000, naye ana milioni 32 kasoro kidogo. Wamefika mwaka wa kumi wakiwa sawasawa. Kuanzia hapo daktari anamwacha, na pengo linazidi kila mwaka.

Kwa hiyo anayemwambia mtoto kwamba udaktari unalipa anasema kweli, ila afafanue unaanza kulipa lini. Familia inayotegemea mtoto asaidie ada ya wadogo zake mwaka wa nne, udaktari hautaisaidia. Kaka yangu ana wadogo watatu wa huyu binti.

Jambo la pili ni chuo. Hesabu yangu yote ni ya chuo cha serikali. Ada ya udaktari katika chuo binafsi inaweza kufika mara tatu ya ile ya serikali au kupita, na mkopo haufuniki tofauti yote. Kinachobaki ni cha mzazi, kwa fedha taslimu, kila mwaka, miaka mitano. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi miezi mitatu, katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, dagaa wapate kuzaliana. Lilikuwa jambo zuri kwa ziwa. Lakini mzazi mvuvi mwenye mtoto chuo binafsi, muhula unaokuja angeulipa na nini?

Kwa B, C na D, sifa za chini za kuomba anazo. Nafasi za vyuo vya serikali hugombewa na watoto wenye A na B. Nilimweleza hivyo bila kumzungusha. Na mtoto mwenye ufaulu wa juu kabisa asianze na daftari langu hata kidogo. Tangu 2022/2023 upo Ufadhili wa Samia kwa wanaoongoza masomo ya sayansi, na huo haurudishwi.

Wanyama

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo moyo wake ulipo, na wangu pia.

Mwaka niliokuwa kidato cha tatu tulipanda boti Kibirizi kwenda Gombe. Nilimwona sokwe mama akimchambua mwanawe nywele taratibu, kama bibi anavyonichambua mimi mlangoni, na mhifadhi mmoja mtu mzima akatutajia jina la yule mama, la mama yake na la bibi yake. Aliyajua bila kutazama daftari. Baadaye nikaja kujua kwamba Jane Goodall alipofika Gombe mwaka 1960 hakuwa na digrii, na kwamba baada ya wanafunzi wanne kutekwa na waasi waliovuka ziwa mwaka 1975, kazi ya kuwafuata sokwe kila siku na kuandika waliyoyaona iliendelezwa na Watanzania wa vijiji vya jirani. Sisi watu wa Kigoma tuna haki ya kuipenda biolojia. Ipo mlangoni kwetu.

Kazi nazo zipo. Kuna hifadhi za Gombe na Mahale, kituo cha utafiti wa uvuvi hapa mjini, miradi ya uhifadhi wa misitu na sokwe. Tabora kuna watafiti wa kilimo Tumbi, kituo cha utafiti wa magonjwa ya binadamu, na Chuo cha Nyuki. Shida ni kwamba kila mahali pana viti vichache, na kikitangazwa kimoja wanakigombea wahitimu wa nchi nzima. Nyingi ni za mkataba wa mradi, na mradi ukiisha unarudi foleni. Ukitaka kubakizwa chuoni ufundishe, unatakiwa uwe na GPA, yaani wastani wa alama zako za chuo, ya 3.8 au zaidi, na hiyo huanza kujengwa mwaka wa kwanza, wakati wengi bado wanashangaa jiji.

Miaka yangu minne ilikwenda hivi. Mwaka wa kwanza niliandika barua. Mwaka wa pili nilifundisha tempo shule moja binafsi, mshahara ukichelewa miezi miwili, mitatu. Mwaka wa tatu nilirudi chuo kuchukua stashahada ya uzamili ya ualimu, ada nikichangiwa na huyu huyu kaka yangu na dagaa zake. Wa nne nikasubiri kupangiwa kituo. Nimeishia palepale ambapo mwenzangu aliyechagua sayansi na ualimu tangu mwanzo alikuwa ameketi kitambo, na tulikaa darasa moja la ekolojia, tukapasua panya meza moja.

Nikimpa mhitimu wa biolojia tupu miaka minne ya kusubiri kama yangu, kisha kazi ya 800,000, mwaka wa kumi unamkuta na kama milioni 20. Yule wa ualimu ana 32. Tofauti ni milioni 12, sawa na mkopo mwingine mzima. Hii miaka minne ni yangu na ya baadhi ya wenzangu niliosoma nao. Wapo waliopata mapema, mmoja aliajiriwa hifadhini ndani ya mwaka. Alikuwa na GPA nzuri na alijitolea kila likizo.

Binti akaniuliza, "Kwa hiyo shangazi unanikataza?"

Simkatazi. Nilimwambia asichokijua mwalimu wake wala baba yake: anayesoma sayansi na ualimu akichukua Biolojia na Kemia, sehemu kubwa ya masomo yake ya biolojia ni yaleyale, kwa wahadhiri walewale. Akifaulu vizuri anaweza kusoma shahada ya uzamili ya zuolojia au ikolojia na kuingia kwenye utafiti, mshahara wa ualimu ukimlinda huku. Aliyesoma biolojia tupu hawezi kuingia darasani kufundisha kama mwalimu mpaka arudi chuo, kama mimi.

Ualimu nao usipambwe. Siku hizi mwalimu haitwi kazini kwa kuhitimu tu, anaomba kupitia Sekretarieti ya Ajira na kufanyiwa usaili kama watumishi wengine, na wapo wenye vyeti wanaofundisha tempo mwaka wa tatu sasa. Miaka miwili niliyompa ni makadirio ya mtu anayeona walimu wa sayansi wakihitajika bado katika shule za kata za huku. Mwenye Historia na Kiswahili ningemwekea mingi zaidi.

Njia wanayoisahau

Stashahada. Utabibu, maabara, famasia, miaka mitatu, na wengi huingia tangu kidato cha nne. Hapa mkoani kuna chuo cha afya Kabanga, Kasulu. Upande wa Tabora kuna Nkinga. Kuanzia 2023/2024 Bodi ya Mikopo inakopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani zilizopewa kipaumbele, afya ikiwemo. Mshahara wa kuanzia serikalini hauko mbali na wa mwalimu wa digrii. Kwa 700,000, akikatwa mkopo anabaki na kama 490,000.

Faida yake kubwa ni kwamba asipoajiriwa serikalini, mtu wa maabara au famasia anatafutwa na zahanati binafsi na maduka ya dawa. Wanalipa kidogo, lakini wanalipa, na mtu hapotezi mkono wake. Upande wa uvuvi nao upo chuo hapahapa Kigoma. Kwa mtoto aliyekwisha kufika kidato cha sita, stashahada inamuuma, anaona amerudi nyuma. Huyu wangu alikunja uso nilipoitaja. Sikumlazimisha, ila niliiandika kwenye karatasi.

Wakati wa kujaza

Mambo matatu ya haraka kwa mzazi. Maombi ya mkopo yanajazwa peke yake, kwenye mfumo wa Bodi, na hufunguliwa kabla chuo hakijajibu. Ukingoja barua ya udahili unaweza kukuta dirisha limefungwa. Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, mapema, kwa sababu hapo ndipo watoto wengi wa vijijini hukwama. Na mkopo hutolewa kwa kiwango cha uhitaji. Ukipangiwa asilimia 60 ya ada, ile 40 ni yako, ihesabu kabla hujakubali chuo.

Mtu atakayejiajiri naye asidhani amesalimika. Anatakiwa kulipa asilimia 10 ya kipato chake, isipungue 100,000 kwa mwezi. Kwa anayeanza banda la kuku pale Ujiji hiyo ni fedha nyingi, na afadhali aijue mapema.

Tulipanga hivi. Uchaguzi wa kwanza, sayansi na ualimu, Biolojia na Kemia, chuo cha serikali. Wa pili, digrii ya sayansi ya maabara za tiba. Wa tatu, zuolojia, kwa sharti alilolitamka mwenyewe, kwamba akipangiwa huko ataitafuta 3.8 tangu muhula wa kwanza na likizo zote atajitolea hifadhini. Udaktari wa chuo cha serikali aliuomba pia, kwa ajili ya baba yake. Udaktari wa chuo binafsi tuliufuta kwa kalamu nyekundu.

Jioni kaka alikuja moja kwa moja kutoka mwaloni, bado ananuka dagaa, akataka asomewe. Binti alimsomea yote, deni, makato, miezi 100, milioni 12 za kusubiri. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa amesimama. Kisha akauliza jambo moja ambalo mimi na daftari langu tulikuwa tumelisahau.

"Na hiyo miaka miwili ya kusubiri, atakula na kulala wapi?"

Nikamwambia chumba cha nyuma kipo. Magunia ya muhogo tutayahamishia stoo.